Kasha, Panya Wawili Wanapokutana

Barabara inayopanda kutoka Bagira kuelekea Kasha hupita kwanza kati ya nyumba za matofali zilizosimama kwa mistari, kisha mistari inavunjika. Nyumba za mbao zinaanza, mabati yanagusana, na kati ya parsele moja na nyingine hutokea migomba, mahindi, mihogo, zizi la mbuzi, kibanda cha nguruwe. Hapa mji wa Bukavu unakoma bila kijiji kuanza. Kwa familia inayolima na kulala mahali pamoja ni faida kubwa, maana maharagi huvunwa hatua chache kutoka mlangoni. Kwa panya pia ni faida, na faida hiyo ina historia ndefu kuliko umri wa mji wenyewe.

Panya wanaosumbua nyumba za Kasha ni wa aina mbili, na mama wa nyumba huwatofautisha hata bila kuwaona. Mmoja hukimbia juu, kwenye mabati na dari, na kelele zake husikika watu wakishalala. Mwingine huingia kwa chini, kupitia ufa wa ukuta au shimo alilochimba kando ya msingi, na akishakula hurudi kwenye mihogo. Wa juu ni panya wa paa, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus: mkia mrefu kuliko mwili, masikio makubwa, miguu inayoshika kamba ya nguo na waya wa umeme bila shida. Wa chini ni panya wa shamba, Mastomys natalensis, mwenyeji halisi wa Afrika. Jike lake lina chuchu nyingi ajabu, hadi 24, hubeba mimba kwa siku 23 hivi na huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Mvua ikiwa nzuri na mavuno yakiwa mengi, wachache wa Septemba huwa jeshi kabla mwaka haujaisha.

Panya wa shamba alikuwapo kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa kwenye vilima hivi. Wa paa ni mgeni, na safari yake inaweza kufuatwa.

Asili yake ni Bara Hindi. Alivuka bahari ndani ya vyombo vya wafanyabiashara, pamoja na nguo, shanga na nafaka. Kwenye pwani ya Waswahili, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mifupa yake katika makazi ya zamani kama Unguja Ukuu, bandari ya Zanzibar iliyostawi kuanzia karne ya 7. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Prendergast lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mifupa na chembe za urithi kutoka pwani na visiwani: panya wa paa na kuku wa Asia walifika sehemu hizo katika karne za biashara ile ya bahari. Ni wageni wa meli moja. Mmoja alikaribishwa mezani, mwingine akajikaribisha ghalani.

Kwa karne nyingi alibaki karibu na chumvi ya bahari. Msafara wa wapagazi, watu wakitembea na mizigo vichwani miezi mingi, haukuwa gari zuri kwa mnyama anayehitaji mahali pa kujificha mchana. Mambo yalibadilika kazi ya mabega ilipochukuliwa na reli na meli za maziwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakaunganisha Kabalo na Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Gunia la unga au la chumvi liliweza sasa kutoka bandarini na kufika Ziwa Tanganyika bila kufunguliwa hata mara moja. Uganda, ambako madaktari walifuatilia habari hii kwa karibu, ripoti ya G. H. E. Hopkins ya mwaka 1949 kuhusu panya, viroboto na tauni ilieleza jinsi panya wa paa alivyoingia nchini na kumsukuma panya wa kienyeji atoke nyumbani arudi shambani.

Kivu ilikuwa na njia yake. Mizigo ilivuka Tanganyika hadi Uvira, ikapakiwa kwenye reli fupi iliyopanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kisha ikapandishwa milimani kwa kamiyo mpaka Costermansville, ndilo jina ambalo Bukavu ilibeba hadi miaka ya 1950. Reli hiyo, iliyojengwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ilifanya kazi hadi 1958 ikafungwa, na leo vijana wengi wa Bukavu hawajui kwamba treni iliwahi kukaribia mji wao hivyo. Kilichopita juu yake kilijaza depo za wafanyabiashara: unga, mchele, samaki wakavu, chumvi, marobota ya nguo. Panya wa paa husafiri ndani ya vitu hivyo hivyo, na depo ndiyo nyumba anayoipenda kuliko zote.

Kabla ya hapo, ardhi ya Kasha ilikuwa sehemu ya Bushi, nchi ya Washi, chini ya mwami wa Kabare. Nyumba ya zamani ya Mushi ilikuwa ya mviringo, ya fito na nyasi kutoka kilele hadi karibu na ardhi, na moto uliwaka ndani. Watu wanaoitazama katika picha za zamani huona umaskini. Wangepaswa kuona pia ulinzi. Moshi uliopanda kila jioni ulikausha mahindi ya mbegu yaliyoning’inizwa juu ya jiko, ukafukuza wadudu, na ukafanya nyasi za juu kuwa mahali pabaya pa kulelea watoto wa panya. Maharagi ya mbegu yalichanganywa na majivu. Chakula kingine kilibaki shambani mpaka siku ya kuliwa: ndizi hazina ghala, na muhogo, uliopata nafasi kubwa baadaye, husubiri ardhini miezi mingi. Familia haikuwa na magunia kumi ya kulindwa usiku. Panya walikula, ndiyo, na miaka mingine walikula sana, lakini walikula zaidi shambani, mahali ambapo mtego wa jiwe na kijiti wa watoto uliwangojea.

Mji ulileta ghala, na ghala likaleta hofu mpya.

Hofu hiyo ilikuwa na jina: tauni. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aliona kijidudu chake Hong Kong. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeibeba kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Wakati huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, upande wa Bukoba, ulikuwa tauni hiyohiyo. Wenyeji wa kule hawakumngoja Koch awaambie habari za panya. Walijua tangu zamani kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu watafuata, na walihama. Elimu hiyo, iliyopatikana kwa vifo vya vizazi, inastahili kuwekwa kando ya darubini za maabara bila kuona haya.

Kwa Kongo, habari mbaya ilikuja mwaka 1928, tauni ilipogunduliwa Ituri karibu na Ziwa Albert. Miaka kumi baadaye kituo kingine cha ugonjwa kilijulikana karibu na Ziwa Edward, upande wa Lubero, na hapo ugonjwa ulikuwa ndani ya Kivu. Madaktari wa Kibelgiji kama Jacques Schwetz na René Devignat walitumia miaka yao ya kazi kwenye vituo hivyo. Mwaka 1951 Devignat alipendekeza kwamba kijidudu cha tauni kigawanywe katika aina tatu, na ile ya Afrika ya Kati akaiita antiqua, yaani ya kale. Majina yake yanatumika mpaka leo. Mwaka 1959 Xavier Misonne alichapisha uchunguzi wa panya wa maeneo ya tauni ya Kongo, aina kwa aina. Ituri haijapona: tauni imerudi huko mara nyingi, na katika miaka ya 2020 na 2021 eneo la afya la Rethy lilihesabu tena wagonjwa na vifo.

Costermansville iko mbali na vituo hivyo, lakini hofu haihitaji barabara. Katika miji yote ya Kongo ya Wabelgiji, utumishi wa usafi, ambao watu waliuita ijeni kwa kufuata Kifaransa, ulipewa mamlaka ya kuingia katika kila parsele ya Mwafrika. Majani yakatwe kuzunguka nyumba. Taka ziwe ndani ya shimo, shimo lifukiwe. Choo kiwe na mfuniko. Vyombo vya chakula visilale nje. Asiyefanya alitozwa faini. Wazungu wa zile rasi zinazoingia Ziwa Kivu walikuwa na watumishi wa kuwafanyia hayo yote. Watu wa Kadutu, mtaa wa Waafrika, walikuwa na mkaguzi mlangoni.

Historia hiyo ina uchungu, na haifai kupakwa sukari. Ilikuwa amri ya mtawala juu ya mtu asiye na sauti, na mara nyingi ilimdhalilisha mama wa nyumba mbele ya watoto wake. Hata hivyo, ndani ya amri hiyo kulikuwa na wazo moja sahihi ambalo Bukavu imelipoteza: kwamba panya ni tatizo la mji mzima. Parsele moja ikisafishwa na ya jirani ikaachwa, panya hubadilisha kitanda tu.

Hata watawala wenyewe hawakulielewa wazo hilo kila mahali. Mwaka 1902, Hanoi, Wafaransa walikuwa wamejenga mifereji ya kisasa ya maji machafu chini ya mitaa yao, na panya wakaifanya makao. Serikali iliajiri wawindaji, na siku moja ya Juni pekee waliua zaidi ya panya 20,000. Ilipoonekana kwamba hao hawatoshi, raia wote waliahidiwa senti kwa kila mkia utakaoletwa. Mikia ikaja kwa wingi. Baada ya muda walionekana mjini panya wazima wasio na mikia, walioachwa wakazae tena, na pembeni ya mji zikagunduliwa nyumba zinazofuga panya kwa ajili ya mikia. Mpango ukafutwa. Serikali ililipa mkia, haikugusa chakula wala mahali pa kulala, na hesabu ya panya hufuata hivyo viwili.

Wakati ijeni ikizunguka mitaani, sayansi yenye subira ilikuwa ikifanyika karibu kilometa 45 kutoka mjini. Lwiro, chini ya milima ya Kahuzi, palijengwa kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, ambayo leo ni CRSN. Mswisi Urs Rahm aliorodhesha wanyama wa upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, na mwaka 1967 alichapisha kazi pana kuhusu panya wa maeneo haya na maisha yao. Mjerumani Fritz Dieterlen, aliyefanya kazi hapo katika miaka ya 1960, alifuatilia mwezi kwa mwezi ni lini majike hubeba mimba, na akaonyesha jinsi uzazi unavyofungamana na majira ya mvua. Mkulima wa Kasha anayeona panya wakiongezeka baada ya mvua anaona kwa macho jambo ambalo Dieterlen alilihesabu. Mwaka 1969 Dieterlen alieleza pia aina mpya ya panya mdogo anayepanda majani, akamwita Dendromus kahuziensis. Sayansi inamjua kutokana na vielelezo viwili tu kutoka Mlima Kahuzi. Ni vizuri watu wa Bukavu wakumbuke hilo wanaposema neno panya kwa hasira: milima yao ina panya wa porini ambao hawajawahi kugusa gunia la mtu, na ambao hawapatikani popote pengine duniani.

Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda ofisi ya kujenga makazi ya Waafrika mijini, OCA, na Bukavu ikawa mojawapo ya miji yake. Bagira ilizaliwa hapo. Nyumba zilikuwa ndogo na zilipangwa na watu ambao hawakuuliza wenye kuishi wanataka nini, lakini zilikuwa na ukuta wa kudumu, nafasi kati ya nyumba na nyumba, na barabara ambazo kamiyo ya taka ingeweza kupita. Ukuta usio na ufa ni kinga inayoshinda sumu yoyote. Kasha ilibaki juu na pembeni, mashamba ya watu waliouza mboga na ndizi mjini.

Baada ya uhuru ijeni haikufa siku moja. Ilififia. Chini ya Mobutu, Salongo, kazi ya pamoja ya lazima, iliwatoa watu nje na majembe na mapanga kukata majani na kufungua mitaro, na wazee wa Bagira wanaikumbuka kwa hisia mbili: uchovu wa kulazimishwa na mtaro uliokuwa safi. Kisha mishahara ya wakaguzi ikakosa maana, magari ya taka yakasimama, na miaka ya 1990 ikafika.

Katika Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka Ruzizi wakaingia Bukavu na kandokando yake. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Vikarudi 1998, vikarudi tena 2004. Kati ya vita na vita, watu wa Walungu, Shabunda, Mwenga, Kalehe na Kabare waliacha vijiji vilivyokuwa vikishambuliwa wakatafuta kitu kimoja ambacho mji uliwapa: jirani wengi. Bukavu, iliyopangwa kwa makumi ya maelfu, inakadiriwa leo kuwa na zaidi ya watu milioni moja. Vilima vya Kadutu vikajaa, vya Panzi vikajaa, na Kasha ikapokea wake.

Nyumba waliyoweza kuijenga ni ya mbao. Ubao mbichi ukikauka hujikunja na kuacha nafasi, na panya wa paa hahitaji nafasi pana: panapopita kichwa chake, mwili utafuata. Chumba kimoja ndicho cha kulala, cha kupikia mvua ikinyesha, na cha kuhifadhia unga wa bugali. Hivyo panya wawili waliotenganishwa kwa miaka mingi, mmoja akikaa mjini na mwingine shambani, wakakutana chini ya bati moja. Ndiyo hali ya Kasha mpaka sasa. Watu wanaopata vidonda vya kisigino au ncha za vidole asubuhi hueleza kwamba hawakusikia maumivu, na Kiswahili kimeihifadhi habari hiyo katika msemo wa kuuma na kupuliza, ambao sehemu nyingine hutumika kwa wanasiasa. Katika nyumba ya mbao, mtoto akiwa amelala na vidole vyenye mafuta ya samaki wa sambaza, msemo huo ni taarifa ya kawaida.

Taka ndizo zinazowalisha panya hao. Kamiyo haifiki Kasha kwa urahisi, na parsele nyingi hazina tena nafasi ya shimo. Maganda, majani ya muhogo yaliyooza na mifuko ya plastiki hushuka na mvua kwenye mitaro, mitaro hushuka ziwani, na ziwa hutokea Ruzizi. Mitambo ya bwawa la Ruzizi I, linalowapa watu wa Bukavu umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, imezibwa na plastiki mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi wanalazimika kuziopoa ili umeme urudi. Taka inayomlisha panya kule juu ndiyo inayozima taa kule chini.

Silaha za nyumbani ni za zamani na mpya. Ya kwanza ni paka, na Kivu ya Kusini paka ana tatizo ambalo hana pwani: dende. Mnyama huyu mdogo wa asili ya Amerika ya Kusini, ambaye Watanzania humwita simbilisi, hufugwa jikoni katika nyumba nyingi za Bukavu na vijijini. Watafiti wa kituo cha kilimo cha CIAT pamoja na Université Évangélique en Afrique ya Bukavu walipochunguza ufugaji huo, walikuta sababu zake zina akili: hula majani na maganda, huzaa haraka, huuzwa pale ada ya shule inapodaiwa, na askari aliyekuja kupora ng’ombe hakumhesabu. Vita vilipomaliza ng’ombe na mbuzi, dende alibaki. Lakini paka anayewinda panya hawezi kufundishwa kwamba mtoto wa dende si panya. Na panya naye hula watoto wa dende. Mama wa nyumba anajikuta kati ya wezi wawili, na wengi huamua kumfunga paka mchana na kumfungulia usiku, au kuwapandisha dende kwenye kibanda cha mbao chenye miguu, jambo ambalo wataalamu nao hulishauri, maana mabaki ya chakula cha dende yaliyotawanyika sakafuni ni karamu ya bure.

Shambani kuna utupa, kichaka chenye maua meupe au ya zambarau, Tephrosia vogelii kwa wataalamu. Wakulima wa Kivu na Rwanda huupanda kandokando ya muhogo na viazi ili kumfukuza fuko, mnyama mwingine wa jamii ya panya. Majani hayohayo yakipondwa na kutiwa mtoni huua samaki, kwa hiyo si mmea wa kuchezea.

Halafu kuna sumu, na hapa historia inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko popote.

Sumu za zamani, kama aseniki na striknini, ziliua upesi, na upesi huo ndio uliozishinda. Panya hukiogopa kitu kigeni. Huonja kidogo, husubiri, na anayeugua bila kufa hakigusi tena chakula kile. Mwaka 1948 sumu ya aina nyingine iliingia sokoni. Ilitoka katika maabara ya Karl Paul Link, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambako walikuwa wakichunguza kwa nini ng’ombe waliokula majani yaliyooza walikufa kwa kuvuja damu ndani. Waliipa jina warfarin. Panya huila siku kadhaa bila kuhisi chochote, damu hupoteza uwezo wa kuganda, na wenzake hawaoni uhusiano kati ya chakula na kifo. Miaka michache baadaye dawa hiyohiyo, kwa kipimo, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 1958 Scotland ilipata panya wasiodhurika nayo, na katika miaka ya 1970 viwanda vikatoa sumu za ukoo huo zenye nguvu zaidi, ambazo hukaa ndani ya mwili wa panya aliyekufa na kumuua paka atakayemla.

Sumu hizo zina jambo moja la heri: kuna dawa yake. Mtoto akizila, vitamini K mkononi mwa daktari huokoa maisha. Sharti ni daktari ajue mtoto amekula nini. Kwenye masoko ya mashariki ya Kongo, na hata ng’ambo ya mipaka, sumu ya panya huuzwa na wachuuzi kwa vipakiti vidogo, mara nyingine vyenye maandishi ya lugha ambayo muuzaji na mnunuzi hawaisomi, mara nyingine bila maandishi kabisa. Ndani yake panaweza kuwa na sumu ya damu, au dawa kali ya wadudu wa mashambani inayoua kwa muda mfupi kwa njia nyingine kabisa. Unga huo unachanganywa na bugali au sambaza na kuwekwa sakafuni, chumba kilekile ambamo watoto hutambaa, kuku hudonoa na dende hukimbia. Mama anayenunua kipakiti hicho anatafuta usingizi wa usiku mmoja, na hana kosa. Kosa ni la soko linalomuuzia kitu kisicho na jina, na la dola isiyosimama kati yao.

Mwaka 2023 hofu nyingine ilitoka ndani ya jimbo. Kamituga, mji wa dhahabu katika Mwenga, ulianza kuwa na wagonjwa wa mpox ya aina mpya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Redioni na kanisani watu wa Bukavu waliambiwa wajihadhari na wanyama wa porini, na wengi wakawageukia panya wa nyumbani. Ni kweli kwamba kirusi cha ugonjwa huo huhusishwa na wanyama wa jamii ya panya na kuchakulo wa misituni. Mwaka 2003 shehena ya wanyama kutoka Ghana, panya buku wakiwemo, ilisambaza ugonjwa huo Marekani na watu 47 wakahesabiwa kuwa wameupata. Lakini mlipuko wa Kamituga ulienea kutoka mtu hadi mtu, na kumpiga panya wa paa hakukumlinda yeyote.

Panya buku anastahili neno la haki. Wasemaji wa Lingala humwita motomba, na katika misitu ya mashariki ni nyama inayothaminiwa. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limemfundisha tangu mwaka 2000 kunusa baruti ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini 71 na kupewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Chuo hichohicho kina kituo cha kudhibiti viumbe waharibifu ambacho kwa miongo kadhaa kimemchunguza panya wa shamba. Ndiko lilikotoka kadirio linalonukuliwa sana kwamba panya hula karibu asilimia 15 ya nafaka ya Tanzania kila mwaka.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na katika vurugu za siku hizo Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba tani 6,800 za chakula ziliporwa kutoka maghala yake mjini. Magunia yaliyokuwa yamepangwa juu ya vitanda vya mbao, ndani ya kuta nene, sasa yalilala kwenye sakafu za udongo. Familia iliyopata gunia katika siku hizo za njaa ilipata pia kazi ya kulilinda, na pipa la chuma lenye mfuniko, chombo bora kuliko vyote kwa kazi hiyo, haliko katika kila nyumba.

Ipo njia nyingine ya kulinda chakula: katika vijiji vya Bangladesh, Steven Belmain wa Natural Resources Institute ya Uingereza na wenzake walijaribu jambo rahisi: mitego mizuri ya kubana, iliyotegwa kila usiku, na nyumba zote za kijiji kwa wakati mmoja. Palipotegwa hivyo, panya walipungua na chakula kilichopotea kikapungua, bila sumu. Nyumba iliyotega peke yake ilipata maiti nyingi bila nafuu, maana panya wa jirani walihamia nafasi iliyoachwa wazi. Mtego wa namna hiyo fundi wa Bagira anaweza kuutengeneza kwa ubao na waya. Unahitaji kuwekwa kandokando ya ukuta, kwa kuwa panya hutembea akigusa ukuta kwa masharubu, na kuachwa siku mbili tatu na chambo bila kutegwa mpaka auzoee.

Kasha tayari ina wakuu wa avenyi, na Bukavu inaujua utaratibu wa nyumba kumi, ambao mpaka sasa umetumika kwa usalama, kwa sensa na kwa michango ya msiba. Orodha ya nyumba imo kwenye daftari la mkuu. Mitego ishirini inayotegwa jioni moja katika nyumba zote kumi, katika wiki zinazofuata mavuno ya maharagi ya Januari, panya wa shamba wanapoanza kuingia ndani, ingegharimu familia moja kiasi cha vipakiti vichache vya unga ule usio na jina.